Kanuni Kumi na Nne za Kupaka Lami

Wazo lilimjia Wanjala mahali ambapo mawazo mema hayana desturi ya kupita: kwenye gereji ya Nasif, Kabalagala, nyuma ya baa tatu na duka moja la simu zilizokwisha tumika. Nasif alikuwa amemwaga oili chafu chini, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka tisa. Mteja mmoja mwenye tai alilikwepa dimbwi, akaitazama ardhi iliyong'aa kwa weusi, akasema kwa heshima, "Kumbe mmeweka lami mpya."

Nasif alicheka. Wanjala hakucheka. Alichuchumaa, akachovya kidole, akakinusa, halafu akakitazama kidole hicho kwa muda mrefu.

"Hii oili huwa unaipeleka wapi?" aliuliza.

"Namwaga tu, ssebo. Iko mingi. Kwani wewe unataka kupereka wapi?"

"Kwa matajiri," alisema Wanjala.

Wanjala alikuwa Mkenya wa Bungoma, mwenye miaka thelathini na minne, sauti ya mhubiri na viatu vya mwanasheria. Katika miaka yake sita ya Kampala alikuwa ameuza kifaa cha kupunguza bili ya umeme, ambacho ndani yake hamkuwa na kitu isipokuwa taa ndogo ya kijani, na dawa ya kutu ambayo ilikuwa sabuni ya kufulia iliyokatwa vipande vidogo. Hakujiita tapeli. Alijiita mtu wa masoko, na alipolitamka neno hilo alishika kola ya shati.

Lakini alikuwa amechoka. Alichoka kuvuka barabara kila anapomwona mtu aliyewahi kumuuzia kitu, na Kampala ilikuwa inamwishia, mtaa baada ya mtaa. Kule nyumbani, Kanduyi, mzee mmoja aitwaye Sifuna alikuwa na kiwanja kando ya barabara kuu, na alikuwa amekubali kumwekea Wanjala hadi mwisho wa mwezi, wala si siku moja zaidi. Wanjala alikusudia kujenga hapo duka la vifaa vya ujenzi: misumari ya kweli, saruji ya kweli, rangi ya kweli. Robo tatu ya bei alikuwa nayo ndani ya kopo la biskuti. Alibakiza robo moja, na alikuwa amekwisha chagua hata rangi ya mlango.

Basi akachanganya oili ya Nasif na mafuta ya taa, akatia masizi kidogo ili iwe nzito, akaijaza kwenye jerikani za lita ishirini na kubandika karatasi ya njano: LAMI-SAFI, PAKA MWENYEWE. Ukiipaka dawa hiyo kwenye njia ya gari, toka getini mpaka barazani, inang'aa kwa siku nne. Mvua ya kwanza inaichukua yote na kuipeleka mtaroni.

Mtu mwingine angeishia hapo, na angekamatwa siku ya tano. Ufundi wa Wanjala haukuwa katika jerikani. Ulikuwa katika karatasi iliyokuja na jerikani, yenye kanuni kumi na nne alizozitoa kwenye mtandao, na zote, neno kwa neno, zilikuwa za kweli. Fagia mpaka vumbi liishe. Ng'oa majani kwenye nyufa pamoja na mizizi. Sugua madoa ya oili kwa sabuni na brashi ngumu. Ziba kila ufa. Shimo lijazwe kidogo kidogo na kushindiliwa. Subiri pakauke. Usiguse kazi kama mvua iko karibu. Koroga toka chini. Paka nyembamba, ngoja, kisha paka ya pili kwa kukata njia ya kwanza. Gari lisipite kwa saa arobaini na nane. Na kadhalika.

Hakuna binadamu Kampala, Wanjala alijiambia, atakayefuata kanuni kumi na nne. Atafuata nne. Dawa ikitoka, atajua mwenyewe ni wapi aliruka. Fundi akiharibu kazi anatafutwa kwa simu na kwa polisi, lakini mtu aliyeharibu kwa mkono wake mwenyewe hunyamaza, maana mke wake yuko dirishani anaangalia.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kule Kyambogo aliziuzia nyumba nne kwa wiki moja. Mhadhiri mmoja wa huko, mvua ilipomsafishia njia yote, alimpigia simu kuomba radhi. "Nadhani sikukoroga toka chini," alisema kwa unyonge. Wanjala alimsamehe, akamuuzia nyingine.

Wiki iliyofuata alipanda Nsambya.

Alichagua kijia kimoja kilichotulia upande wa nyuma wa kilima, chenye mageti kumi na moja na maua juu ya kuta. Geti la tatu lilikuwa wazi. Ndani yake palikuwa na njia ya lami iliyopauka, imepasukapasuka, majani yakiota kwenye nyufa na madoa ya oili mahali gari lilipozoea kulala. Kwenye baraza mama mmoja wa makamo, mwenye kitenge cha kijani na miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa anachambua maharage. Wanjala alimwona akamhesabu kuwa mwenye nyumba.

"Habari ya asubuhi, mama. Samahani kwa kukuvamia. Nilikuwa napita zangu nikasikia hii njia yako inalia."

Mama aliacha maharage, akasikiliza. "Miye sisikie kitu."

"Ni kilio cha ndani, mama."

"Aah." Akamwonyesha kigoda. Alijitambulisha kwa jina la Emérence, mtu wa Uvira, miaka kumi na mbili sasa Uganda, lakini hapo kijiani watu wote walimwita Mama Exaucée kwa jina la binti yake. Wanjala akatoa maneno yake yote: jua la Kampala, mvua ya Kampala, mafundi wa Kampala na bei zao, na jinsi ambavyo mtu mwenye akili na mikono miwili anaweza kuirudisha njia yake ujana kwa jerikani tatu tu. Mwisho akampa karatasi.

Emérence aliisoma yote, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho akarudi mwanzo akaisoma tena. Tangu aanze biashara hiyo Wanjala hakuwahi kumwona mtu akivuka kanuni ya tano.

"Hii ya tatu," alisema Emérence. "Inasema madoa ya oili basugue na sabuni kwanza, juu dawa haishike pahali pa mafuta. Njo vile?"

"Ndivyo, mama."

"Oili na dawa habipatane."

"Havipatani kabisa," alisema Wanjala, macho yake yakiwa kwenye maua.

"Bon. Nitapaka miye mwenyewe, vile unasema. Lakini wewe utakuwa hapa. Karatasi haiwezi kunijibu kama minauliza."

Wanjala akaanza kueleza kwamba ratiba yake ilikuwa imebana, kwamba Wizara ilikuwa inamngoja. Emérence alimwacha amalize, akachukua maharage yake.

"Ni sawa. Niliwaza tu. Ku hii njia kuko mageti kumi na moja. Lami yabo bote iliwekwa mwaka moja, na ilipasuka mwaka moja. Kila siku bananiuliza, Mama Exaucée, tufanye namna gani? Minabaambia, mungoje nijaribu ya kwangu. Kama mvua inanyesha na haitoke, kila mutu atakamata yake." Akatupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage. "Lakini kama Wizara inakungoja, haina shida."

Mageti kumi na moja, jerikani tatu tatu. Wanjala hakuhitaji kalamu. Hiyo ilikuwa robo iliyobaki, na juu yake mabati.

"Wizara inaweza kungoja," alisema.

Tatizo lilikuwa mvua. Alilibeba tatizo hilo mpaka Kabalagala na alipofika alikuwa amelitatua kwa namna iliyompendeza sana. Kwa huyu mama ataweka dawa ya kweli. Moja tu, ya kuonyesha. Mvua itanyesha, majirani wataona, watapanga foleni, na hao ndio watakaopata oili ya Nasif. Atakapokuwa anapima msingi wa duka lake kule Kanduyi, majirani watakuwa wanaulizana nani alisahau kukoroga. Aliita gharama hiyo mtaji, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuweka akiba akafungua kopo la biskuti ili atoe badala ya kutia.

Lami ya maji ya kweli, ile wanayotumia watu wa barabara, aliipata kwenye dipo moja kule Industrial Area. Bei yake ilimfanya akae chini. Akanunua jerikani tatu, pamoja na mchanganyiko wa kokoto wa kuzibia mashimo, akazibandika karatasi zake za njano, akazipandisha Nsambya.

Emérence alimpokea kwa chai, akafunga geti.

"Sitaki majirani baone kompaundi iko chafu hivi," alisema. "Sasa kanuni ya kwanza. Nionyeshe namna ya kufagia."

Wanjala alimwonyesha. Alimwonyesha toka barazani mpaka getini, kwa kuwa kila alipotaka kumrudishia fagio, mama alisema bado hajaelewa vizuri pale pembeni. Kisha akamwonyesha kung'oa majani, akiwa amepiga magoti, na Emérence amekaa kwenye kigoda na karatasi mkononi.

"Imeandikwa na mizizi," alisema mama.

"Nimeyang'oa na mizizi."

"Ile pale ulikata."

Siku ya pili ilikuwa ya madoa ya oili. Wanjala, mtu ambaye wiki mbili zilizopita alikuwa anawauzia watu oili ili waimwage kwenye njia zao, aliisugua oili kwa brashi ya chuma na sabuni ya unga mpaka vidole vikatoka malengelenge. Siku ya tatu aliziba nyufa na kushindilia mashimo matatu, tabaka juu ya tabaka, kwa gogo. Viatu vya mwanasheria vilifumuka siku hiyo. Emérence akamwazima buti za mpira, akamletea ugali na dagaa, akamwambia kwa wema kwamba sasa ameanza kuelewa.

Ijumaa wakaacha pakauke, kama karatasi ilivyotaka. Emérence akapanga mambo ya Jumamosi.

"Batu hawawezi kuja kusimama ku jua. Inaomba hema. Na viti."

"Viti vingapi?"

"Kwanza soda. Na keki kidogo. Mutu wa Kampala haelewe kitu kama hana soda ku mkono. Na kitabu, kila mutu aandike jina, simu, na sahihi."

Hapo Wanjala alielewa. Sahihi ilikuwa ndiyo oda. Alikodi hema, akakodi viti, akanunua soda kreti tatu, na akanunua daftari lenye jalada gumu, akapiga mistari kwa rula yeye mwenyewe. Kopo la biskuti sasa lilikuwa linatoa sauti ukilitikisa.

Jumamosi saa tatu watu walikuwa wamekaa. Mbele kabisa, kwenye kiti pekee chenye mikono, alikaa Mzee Ocira wa geti la tano, polisi mstaafu, mwenye fimbo na kofia, ambaye alilitia daftari sahihi kabla hata hajaulizwa. Baada yake wakatia wengine. Alitia mama wa geti la saba na dada yake aliyekuja kumtembelea. Alitia mlinzi wa geti la pili. Alitia hata kijana wa pikipiki aliyeleta viti, na Wanjala akaona ni dalili kwamba soko linapanuka.

"Wewe soma tu," Emérence alimnong'oneza, akivaa buti. "Bakikuona unapaka, batasema ni kazi ya fundi. Si ulisema paka mwenyewe?"

Hoja hiyo ilikuwa ya Wanjala mwenyewe. Akasimama chini ya hema na kusoma kanuni kwa sauti yake ya mhubiri, huku Emérence, peke yake, kitenge amekikunja kiunoni, akiimwaga lami mistari mistari na kuivuta kwa fagio la mpira, akianzia barazani na kurudi nyuma kuelekea getini. Aliivuta nyembamba na sawasawa. Mkono wake haukukosea mstari hata mmoja. Wanjala aliona jambo hilo, akalifurahia kama mwalimu, wala hakujiuliza mkono huo umejifunzia wapi. Walikunywa soda wakingoja tabaka la kwanza likauke, kisha Emérence akapaka la pili kwa kukata njia ya kwanza. Watu wakapiga makofi. Mzee Ocira akasimama akatoa hotuba ya kufunga ambayo ilikuwa na sehemu tatu.

Sahihi zilikuwa kumi na tisa.

Sasa Wanjala hakuwa tena mtu wa masoko, alikuwa kiwanda. Kumi na tisa mara tatu, jerikani hamsini na saba. Oili ya Nasif haikutosha, ikabidi azunguke gereji zote za Kabalagala. Nasif, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akimwaga bure, aligundua ghafla kwamba oili ina bei.

"Kwani jana ilikuwa na bei?" aliuliza Wanjala.

"Jana hukuitaka namna hii, ssebo. Leo unaitaka na roho yote."

Akalipa oili, akalipa jerikani tupu, akalipa karatasi za njano, akakodi lori dogo la Nasif kwa ahadi ya kulipa mali ikishuka. Kopo la biskuti likawa kopo. Mzee Sifuna alipiga simu kukumbusha kwamba mwezi unakwisha Jumamosi na kwamba kuna mtu wa Webuye amekuja kukiangalia kiwanja mara mbili. Wanjala akamwambia asiwe na wasiwasi.

Mvua ilinyesha Jumatano, na ilinyesha kama imetumwa. Wanjala alikimbia mpaka Nsambya, akasimama kwenye geti la tatu, maji yakimtoka puani. Njia ilikuwa nyeusi, safi, kama sare mpya. Maji yaliiangukia, yakajikusanya matone, yakateremka mtaroni yakiwa meupe, bila hata tone la weusi. Hakuna kitu alichowahi kukiuza kilichofanya kazi yake, na hiki kilikuwa kinafanya, na yeye ndiye aliyeng'oa kila jani. Alitaka kumwita mtu aje aone.

Emérence alitoka na mwavuli na kumlipa jerikani tatu kwa bei ileile Wanjala aliyoitaja siku ya kwanza, bei ya oili chafu. "Ulete mali Ijumaa asubuhi," alisema. "Batu banakungoja sana."

Hapo alisema kweli. Ijumaa lori la Nasif lilipoingia kijiani likiguna, Mzee Ocira alikuwa amekwisha kaa nje ya geti lake.

"Eh! Mwalimu nakuja!" alisema, akainuka. "Wewe naleta transport?"

"Nimeleta mali, mzee. Jerikani zako tatu."

"Jerikani ya nini? Mimi nauliza transport, pesa ya nauli ya mkutano. Mimi nakaa kwa mkutano yako masaa tatu. Natia sahihi. Mkutano nakwisha, soda nakunywa, transport hakuna. Mama Exaucée nasema, mwenye mkutano atakuja Ijumaa."

Wanjala alicheka kidogo, akingoja mzee naye acheke. Mzee hakucheka. Mageti mengine yalikuwa yanafunguka.

"Mzee wangu, ile sahihi ilikuwa ya kununua."

"Nani nasema kununua? Jina, simu, sahihi. Hiyo ni mahudhurio. Mtoto mdogo najua."

"Sawa, lakini transport ya kutoka wapi? Wewe unakaa hapa! Toka kwako mpaka pale ni hatua ishirini!"

Mzee Ocira alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni. "Kijana. Mimi nafanya polisi miaka thelathini na mbili. Mimi nahudhuria mkutano ndani ya ofisi yangu mwenyewe, juu ya kiti yangu mwenyewe. Na transport nalipwa."

Wote walikuwapo sasa, kumi na tisa, na walikubaliana naye. Mama wa geti la saba alisema dada yake amebaki Kampala wiki nzima kwa ajili ya hiyo transport. Kijana wa viti alikuja na pikipiki yake, na yeye angalau alikuwa na hoja. Wanjala akawauliza kama hakuna hata mmoja anayetaka kupaka njia yake. Wakasema wanataka, tena sana, na wamekwisha zungumza na Mama Exaucée aje awapakie.

Nasif alichungulia toka kwenye lori. "Wanjala, tunashusha hatushushi? Mafuta yangu inaenda."

Wanjala alikwenda geti la tatu. Emérence alikuwa amesimama ndani, mikono nyuma.

"Mama, waambie hawa watu."

"Nitabaambia nini? Banasema ya kweli. Ulifanya mkutano."

"Wewe ulisema kila mtu atachukua yake!"

"Mvua ikinyesha na haitoke. Haikutoka. Sasa banataka ile haitoke." Akanyosha kidevu kuelekea lori. "Ile ndani ya jerikani ni oili ya gari. Tena umeweka na mafuta ya taa."

Wanjala aligeuka akalitazama lori.

"Nilipikia batu ya barabara miaka nane, kule Uvira," alisema Emérence bila hasira. "Wapishi bakikosa kazi, tulipaka na siye. Siku ya kwanza ulikuja hapa, nilikunusa shati. Nikasema, huyu kijana, akileta oili, ninamwitia Mzee Ocira. Ukaleta lami ya kweli. Njo nikanyamaza."

"Lakini umeitengeneza nyumba yako kwa pesa yangu, mama."

"Nyumba haiko yangu. Miye ni mulinzi tu. Mwenyewe iko Dubai. Alituma feza ya fundi. Nikamwambia, fundi ya nini, nitapaka miye mwenyewe, nikamtumia picha. Alifurahi sana. Akasema iliyobaki nikamate ya masomo ya Exaucée, anaingia chuo kule Kyambogo mwezi unakuja."

"Na ilibaki kiasi gani?"

Emérence alifikiri kwa uaminifu. "Ukitoa ya jerikani tatu, ilibaki yote."

Iliuma. Hakuna njia nyingine ya kulisema. Wanjala alishika nguzo ya geti, akaona kiwanja cha Kanduyi kikiondoka, na mlango wa buluu nao. Nyuma yake watu kumi na tisa walikuwa wanangoja kwa utulivu wa watu wenye haki.

"Ile oili minaweza kuikamata," alisema Emérence. "Yote. Mwenyewe iko na shamba Mukono, uzio mzima unaliwa na mchwa. Mutu akipaka oili chafu ku nguzo, mchwa hawaguse." Akataja bei. Wanjala akaipima kichwani. Ilitosha transport ya watu kumi na tisa na kukodi lori la Nasif, na baada ya hapo haikutosha chochote.

Akakubali. Jerikani hamsini na saba zikashushwa. Watu wakapokea bahasha zao, wakamshukuru kwa mkutano mzuri, na Mzee Ocira akamshika mkono akamwambia safari nyingine asichelewe.

Ni wakati huo gari kubwa jeupe liliposimama mbele ya geti la tatu. Kioo kikashuka. Ndani yake alikuwa mama mwenye ushungi wa hariri, Hajati Sharifah, mwenye hoteli kule Kabalagala, ambaye kila mtu kijiani alionekana kumjua. Aliitazama njia nyeusi toka getini hadi barazani, akavua hata miwani ya jua ili aione vizuri.

"Banange, nani alitengeneza hii? Mimi pale hotelini niko na njia ndefu kuliko hii mara sita, imepasuka yote. Natafuta huyo mtu. Bei aseme mwenyewe."

"Mimi," alisema Wanjala.

Lilimtoka kabla hajalipanga. Hilo lilikuwa jibu la kwanza la kweli alilompa mteja tangu avuke mpaka. Alitaka kuendelea, aseme habari za majani na mizizi yake, madoa, mashimo matatu na gogo, aonyeshe malengelenge. Lakini watu walikuwa wanacheka. Walicheka bila ubaya, bahasha mkononi.

"Huyu?" alisema Mzee Ocira, akijifuta jicho. "Hajati, huyu nasoma karatasi tu. Sisi watu kumi na tisa naona na macho. Mama Exaucée napaka mwenyewe, na mkono yake. Huyu hata ufagio hakugusa."

"Nilifagia, nikasugua, siku tatu nzima!" alisema Wanjala. "Mama, waambie!"

Emérence alikuwa amekwisha fika kwenye dirisha la gari. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana watoto. Kisha Hajati akataja bei yeye mwenyewe, maana mama hakutaja, na Wanjala aliisikia. Ilikuwa kiwanja kizima na duka juu yake. Wakapeana namba, kioo kikapanda, gari likaondoka polepole, likizikwepa jerikani.

Simu ya Wanjala ililia. Ilikuwa Mzee Sifuna. Aliitazama ikilia.

"Kule ku hoteli," alisema Emérence, akiwa amesimama kando yake, macho yote kwenye njia, "kutakuwa majani mingi ndani ya nyufa. Miye goti inaniuma. Wewe unajua kung'oa vizuri sana, sijaona mutu anang'oa vile."

Wanjala akapokea simu, akamwambia mzee amuuzie yule mtu wa Webuye. Kisha akaiweka mfukoni, akamuuliza Emérence wanaanza saa ngapi.